SOMO LA AFYA: MKANDA WA KUBANA DAMU NA NGUVU ZA MIGUU UZEENI



Katika mikutano ya matawi tumeulizwa swali moja mara nyingi, na wanaouliza ni hasa wale waliobakiza miaka michache kustaafu. Wanasema kuna mikanda inayouzwa mijini, ambayo mtu huifunga juu ya mapaja au mikono akafanya mazoezi mepesi, na inasemekana huwarudishia wazee nguvu zao. Wengine wameambiwa kwamba hata mkanda wenyewe si lazima, kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kinatosha. Je, ni kweli au ni ulaghai?

Jambo hili tumelitafuta kwa makini, na katika somo hili tutaeleza yale tuliyoyapata. Ndani yake mna ukweli mkubwa na mna hatari vilevile, na yote mawili yanamhusu mtu aliyeishi kwa nguvu za mwili wake.

UMASKINI WA NYAMA

Tuanze na mwili. Mtu akipita umri wa miaka 30 hivi, misuli yake huanza kupungua polepole. Wataalamu hukadiria kwamba hupotea kati ya asilimia 3 na 8 kila miaka kumi, na baada ya miaka 60 kasi huongezeka. Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani, Irwin Rosenberg, aliupa upungufu huu jina lililotoka katika Kigiriki, sakopenia, maana yake ni umaskini wa nyama. Tunaona jina hilo linafaa, maana umaskini huu nao huingia nyumbani bila hodi.

Misuli ya mapaja na matako ndiyo inayopata hasara kubwa. Dalili zake kila mmoja wetu anazijua hata kama hajapata kulisikia jina. Mzee hushika magoti ili ainuke kwenye kigoda. Hupanda trela la trekta kwa kuvutwa mkono na vijana. Akienda msalani kuchuchumaa hutafuta ukuta wa kujishikiza, na jambo hilo hulificha kwa sababu ya aibu. Halafu siku moja ya mvua huteleza kwenye tope, nyonga ikavunjika, na mtu aliyelisha jamaa yake kwa miaka 30 akawa wa kubebwa.

Hapa wapo ndugu watakaopinga. Watasema: sisi tunafanya kazi ya sulubu tangu alfajiri, mazoezi ni ya watu wa ofisini wenye vitambi. Hoja hii tumeisikia sana, na ina nguvu, lakini haitoshi. Kazi ya shambani na ya kiwandani hurudia mwendo ule ule mmoja. Mama mchuma chai ana vidole vyepesi kuliko kijana ye yote, na mgongo wake hubeba kikapu siku nzima, lakini mapaja yake hayapati kazi ya kuyakuza. Mtu wa mashine ya kufuma husimama mahali pamoja zamu nzima. Kusimama siyo zoezi, ni uchovu tu. Watafiti wa Denmark wakiongozwa na Andreas Holtermann wamekwisha kuandika juu ya jambo hili: bidii ya mwili anayoichagua mtu mwenyewe, yenye mapumziko, huupa moyo afya, lakini sulubu ya kazini ya saa nyingi bila kupumzika haiupi faida hiyo. Wenye kupenda kutuambia kwamba kazi ngumu ni afya wangefaa kuyasoma hayo.

Tena kuna siku ya kustaafu. Hapa Uganda Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii hulipa mafao ya uzeeni kuanzia miaka 55. Mtu wa miaka 55 aweza kuwa na miaka 20 mbele yake au zaidi. Anarudi kwao, anakaa barazani, hata ule mwendo mdogo wa kazini unaondoka, na misuli inapungua haraka zaidi kuliko zamani. Fedha alizozipata atanunulia shamba, lakini nani atalilima?

Dawa ya misuli inajulikana tangu zamani, nayo ni kunyanyua uzito. Kwa muda mrefu wataalamu walifundisha kwamba ili musuli ukue, lazima mtu anyanyue mzigo unaokaribia mwisho wa uwezo wake. Kama uwezo wake wote ni kunyanyua kilo 50 mara moja tu, basi afanye mazoezi na kilo 35 au 40. Kwa kijana hilo ni sawa. Lakini mzee mwenye magoti yanayouma, au aliyetoka kupasuliwa, atawezaje? Hilo ndilo tatizo ambalo mkanda ulikuja kulijibu, na ulianzia Japani.

KIJANA ALIYEKUFA GANZI

Mwaka 1966 kijana wa Kijapani wa miaka 18, jina lake Yoshiaki Sato, alihudhuria ibada ya kumkumbuka marehemu kwa desturi ya dini ya Buddha. Katika ibada hizo watu hupiga magoti wakakalia visigino vyao kwa muda mrefu. Miguu yake ikafa ganzi. Alipojikanda aligundua kwamba mashavu ya miguu yamevimba na kuuma vilevile kama yanavyouma baada ya mazoezi mazito, naye hakuwa amefanya zoezi lo lote. Akajiuliza: kama kubanwa kwa damu ndiko kulikoleta hali hii, je, haiwezekani kuibana kwa makusudi?

Alijaribu kwa miaka mingi juu ya mwili wake mwenyewe, kwa kamba, kwa mikanda ya judo, na kwa mipira ya baiskeli. Mwaka 1973 aliumia alipokuwa akiteleza juu ya theluji, mchezo wa nchi za baridi. Mguu ukavunjika kwenye kifundo, akafungwa plasta. Kwa kawaida mguu uliofungwa plasta hunyauka, na kila aliyepata kuvunjika anajua jinsi unavyotoka mwembamba kama fimbo. Sato aliufunga mkanda paja la mguu ule, akawa anakaza misuli na kulegeza, kisha anafungua mkanda, kila siku. Misuli yake haikunyauka kama ilivyotazamiwa. Njia yake akaiita kaatsu, yaani kuongeza shinikizo, na tangu mwaka 1983 akaanza kuwafundisha watu wengine. Baadaye wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Tokyo waliichukua wakaipima kwa vyombo, na leo inatumika katika nchi nyingi, hasa kwa watu waliopasuliwa magoti, kwa wanamichezo, na kwa wazee.

Ndugu zetu waliosikia habari ya mpira wa baiskeli wanaona basi kwamba habari hiyo haikutoka hewani. Lakini Sato aliuacha mpira wa baiskeli, na sababu zake tutazieleza.

MKANDA UNAFANYA NINI

Damu hutoka moyoni kwa mishipa yenye kuta nene iliyo ndani sana mwilini, na hurudi moyoni kwa mishipa yenye kuta nyembamba, ambayo mingine iko karibu na ngozi. Mkanda ukibana kwa kiasi, huizuia zaidi ile inayorudisha damu. Damu inaingia kwa shida kidogo, na kutoka inatoka kwa shida zaidi. Ni kama mfereji wa shambani uliowekewa udongo upande wa chini: maji yanaingia, lakini yanajaa. Mguu huwa mwekundu au mweusi zaidi, huvimba kidogo, na misuli iliyo chini ya mkanda hukosa oksijeni ya kutosha.

Sasa tuingie ndani ya musuli. Musuli una nyuzi ndogo na nyuzi kubwa. Ukibeba mzigo mwepesi, mwili hutumia nyuzi ndogo peke yake, na zile kubwa zimepumzika. Ni mzigo mzito tu unaoziamsha. Ni kama nyapara ambaye kwa kazi ndogo hutuma vijana wawili tu, hata gogo likiwa zito ndipo anawaita wabeba magogo. Mkanda unachofanya ni kuwachosha wale wawili upesi kwa kuwanyima hewa. Wakishindwa, mwili unalazimika kuziita nyuzi kubwa, ingawa mzigo ni mwepesi. Tena nyuzi kubwa hizi ndizo hasa anazozipoteza mzee, ndiyo maana jambo hili lina maana kwake kuliko kwa kijana.

Wauzaji hupenda kueleza habari nyingine, ile ya homoni ya ukuaji. Ni kweli kwamba mwaka 2000 Wajapani walipima vijana baada ya zoezi la namna hii wakaona homoni hiyo imepanda katika damu karibu mara 290. Hesabu hiyo imewalisha wafanyabiashara wengi. Lakini homoni hiyo hushuka tena baada ya muda mfupi, na utafiti uliofuata haukuonyesha kwamba kupanda huko kwa muda ndiko kunakokuza misuli. Mtu akikuuzia mkanda kwa hesabu hiyo, mwulize kwanza kama ameusikia utafiti uliofuata.

USHAHIDI KWA WAZEE

Mwaka 2000 hao hao watafiti wa Japani, wakiongozwa na Yudai Takarada, walichukua wanawake waliokwisha kukoma hedhi wakawazoeza mikono kwa wiki 16. Kundi moja lilinyanyua uzito mkubwa, kama asilimia 80 ya uwezo wao. Kundi jingine lilinyanyua uzito mdogo, kuanzia nusu ya uwezo wao kurudi chini, mikono ikiwa imefungwa mkanda. Kundi la tatu lilinyanyua uzito huo huo mdogo bila mkanda. Waliofungwa mkanda walipata misuli na nguvu karibu sawa na wale wa uzito mkubwa, na waliwazidi wale wa uzito mdogo peke yake.

Jaribio jingine, la mwaka 2010, liliongozwa na Takashi Abe. Wazee wa miaka 60 hadi 78 walitembea dakika 20 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 6, mapaja yakiwa na mikanda. Walitembea mita 67 kwa dakika, ambao ni mwendo wa mtu anayekwenda sokoni bila haraka. Nguvu za kunyoosha goti ziliongezeka kwa asilimia 11, na mapaja yakanenepa. Pumzi haikuongezeka. Lakini yafaa tuwe wasikivu hapa: kundi walilolinganishwa nalo halikutembea kabisa, na watu wenyewe walikuwa 19 tu kwa jumla. Sisi katika chama tumezoea kusoma mikataba kwa jicho la namna hii, tukiuliza nani amelinganishwa na nani, na hatuoni kwa nini tusizisome habari za afya kwa jicho lile lile.

Mwaka 2018 wataalamu walikusanya majaribio mengi pamoja. Walikuta kwamba kwa unene wa misuli, mkanda na uzito mdogo hukaribiana na uzito mkubwa. Lakini kwa nguvu zenyewe, uzito mkubwa bado ni bora. Kwa hiyo mkanda ni njia ya mtu asiyeweza kunyanyua uzito mkubwa. Mwenye kuweza hana haja ya kuutafuta.

UNAVYOFANYWA NA WANAOJUA

Kwa wataalamu, mkanda hufanana na ule wa kupimia presha ya damu hospitalini. Ni mpana, hujazwa hewa, na una kipimo. Kwanza hupimwa ni shinikizo gani lingesimamisha kabisa damu ya mguu wa mtu yule, maana kila mtu ana lake, kufuatana na presha yake na unene wa paja lake. Kisha mkanda hujazwa kwa asilimia 40 hadi 80 tu ya shinikizo hilo. Haukusudiwi hata siku moja kuifunga damu yote. Mzigo ni asilimia 20 hadi 40 ya uwezo wake. Mara nyingi hufanya mara 30, hupumzika nusu dakika, hufanya 15, hupumzika, 15 tena, na 15 za mwisho, ndipo mkanda hufunguliwa. Yote huisha kwa dakika chache, siku mbili au tatu kwa wiki.

Sasa linganisheni na mpira wa baiskeli. Mpira ni mwembamba, na kitu chembamba hubana kwa ukali mahali pamoja, hata kinaweza kuumiza neva. Hauna kipimo. Anayeufunga hawezi kujua kama amebana asilimia 40 au amefunga damu yote. Akisubiri maumivu yamwambie, maumivu hayo hayo ndiyo aliyoambiwa na muuzaji kwamba ni dalili ya kufanya kazi.

Tungependa pia kulitenga jambo hili na lile la kuumwa na nyoka, kwa kuwa wakata miwa wengi wamelichanganya. Baadhi yetu tulifundishwa zamani kufunga kamba kwa nguvu juu ya jeraha la nyoka. Mafundisho hayo yameachwa. Shirika la Afya Duniani halishauri kufunga kamba ya kukaza, kwa sababu imewakatisha watu viungo. Aliyeumwa na nyoka atulizwe, mguu usitikiswe, apelekwe hospitali. Basi kama kamba ya dharura yenyewe imeonekana kuwa na madhara, tusichukue kamba ya mazoezi kwa wepesi.

HATARI, NA WASIOFAA KABISA

Mwaka 2006 zilitolewa habari kutoka vituo 105 vya Japani vilivyokuwa vikitumia njia hii kwa watu 12,642. Damu kuvilia chini ya ngozi ilionekana kwa watu 13 hivi katika kila 100. Ganzi ilionekana kwa mtu mmoja na kidogo katika kila 100. Damu kuganda ndani ya mshipa, asilimia 0.055, ambayo ni watu kama 7 katika wote. Donge la damu lililokwenda hadi mapafuni, mtu mmoja. Misuli iliyovunjika ikamwaga sumu yake katika damu, mtu mmoja. Hesabu ni ndogo, hatukatai. Lakini hao walikuwa katika vituo, na vituo vyenyewe ndivyo vilivyotoa habari. Hakuna aliyewahesabu wanaojifunga peke yao nyumbani.

Asijaribu kabisa mtu aliyepata kugandwa na damu mguuni, au kupata kiharusi, au mwenye ugonjwa wa moyo, au mwenye presha isiyotibiwa, au mwenye mishipa iliyovimba na kujipinda miguuni, au mwenye kisukari kilichokwisha kuharibu mishipa ya miguu, au mgonjwa wa figo, au mama mjamzito. Tunaongeza jambo linalotuhusu sisi hasa. Selimundu iko kwa wingi katika nchi zinazozunguka Ziwa Victoria, na seli za damu za mgonjwa huyu hujikunja na kunasa pale oksijeni inapopungua. Mkanda kazi yake ndiyo hiyo hiyo, kupunguza oksijeni. Mwenye ugonjwa huu asikaribie, na aliyeurithi kwa mzazi mmoja tu, ambaye aweza kufikia uzee bila kujijua, asifungwe kabla ya kuonana na daktari. Katika Japani shida hii karibu haipo, ndiyo maana vitabu vya huko havikuhimiza sana jambo hili.

Na presha ndiyo hatari iliyofichika kuliko zote, kwa kuwa haiumi. Wangapi kati yetu wenye miaka 50 wamepimwa mwaka huu?

Kama yuko ambaye amekwisha kujifunga, ajue dalili hizi. Mguu ukiwa baridi au ukipoteza rangi, au ganzi ikibaki baada ya kufungua, aache mara moja. Siku zinazofuata, shavu moja la mguu likivimba na kuuma, au kifua kikibana na pumzi kukatika, au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, aende hospitali siku ile ile na aseme waziwazi alichofanya. Asione haya.

KAMA HAKUNA MKANDA

Hospitali chache sana za kwetu zina mkanda wa kipimo na mtaalamu wa viungo wa kuusimamia. Je, mzee wetu amekosa kila kitu? Hapana, na hapa ndipo sehemu ya somo tunayotaka isomwe kwa sauti katika kila tawi.

Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake wa Boston, Marekani, waliwachukua wazee 10 dhaifu waliokuwa wakitunzwa katika nyumba ya wazee. Wadogo wao walikuwa na miaka 86, na mkubwa wao 96. Waliwapa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu, ule mkubwa, bila mkanda wo wote, kwa wiki 8, wakisimamiwa. Nguvu za mapaja ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Yaani aliyekuwa akisukuma kilo 10 akafikia kilo 27 hivi. Watu wa miaka 90! Kabla ya hapo waganga wengi waliamini kwamba misuli ya umri ule imekwisha, haifundishiki tena.

Tena mwaka 2012 watafiti wa Canada walionyesha kwamba hata uzito mdogo, asilimia 30 tu ya uwezo, hukuza misuli bila mkanda, ili mradi mtu aendelee mpaka miguu ikatae. Hao walikuwa vijana, lakini kanuni yake ni ile ile ya nyapara wetu: nyuzi ndogo zikichoka, kubwa huitwa. Mkanda hufupisha safari hiyo, hauibuni.

Basi chukua kiti imara, kisicho na magurudumu, ukiegemeze ukutani. Kaa, kunja mikono kifuani, inuka mpaka usimame sawasawa, kisha keti polepole bila kujitupa. Kule kuketi polepole kuna faida sawa na kuinuka. Fanya mara 8 au 10, pumzika dakika mbili, rudia mara mbili tena. Asiyeweza bila mikono atumie mikono kwanza, na asidharau, ndipo alipoanzia kila mtu. Siku zikipita na zoezi likawa rahisi, shika jerikani ya maji kifuani. Lita 5 ni kilo 5, kipimo hicho hakimdanganyi mtu. Kisha shika ukuta na unyanyuke kwa vidole vya miguu, ushuke polepole. Mwisho, simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta ukihesabu hadi 10, kwa ajili ya kuzoeza mwili usianguke. Usizuie pumzi wakati wa kuinuka, maana kuzuia pumzi hupandisha presha. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki, na ya kuzuia kuanguka siku tatu. Musuli nao haujengwi kwa ugali mtupu: maharage, njugu, dagaa na mayai viwepo kila vinapopatikana.

Wanaoumwa magoti wapunguze kina cha kuketi kwa kuweka mto. Maumivu ya misuli kesho yake ni ya kawaida. Maumivu makali ndani ya kiungo siyo.

MAMBO YA MEZANI

Tunajua atatokea mwajiri atakayesema: vizuri, wafundisheni watu mazoezi, nasi tutawanunulia mikanda. Jibu lifikiriwe mapema. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 127 juu ya uzito wa juu wa kubebwa na mtu mmoja, na Pendekezo namba 128 lililofuatana nao lilitaja kilo 55 kwa mwanamume mtu mzima, na kwa wanawake uzito ulio chini sana ya huo. Mwaka 2022 Shirika hilo likatangaza mazingira salama ya kazi kuwa haki ya msingi. Mgongo uliovunjwa na gunia la kilo 100 haurudishwi na zoezi la kiti. Mazoezi ni ya mfanyakazi mwenyewe, na upunguzaji wa mizigo ni wajibu wa mwajiri. Kimoja kisikubaliwe badala ya kingine.

Linalowezekana mwaka huu ni dogo na lina faida kubwa: wenye miaka 45 na zaidi wapimwe presha na sukari katika zahanati ya shamba au kiwanda mara moja kwa mwaka, wakati wa kazi, bila kukatwa ujira wa saa hizo. Mashine ya kupima presha ni rahisi kuliko tairi moja la trekta.

KWA VIKUNDI VYA MASOMO

Mwenyekiti wa kikundi asome somo hili kwa sehemu mbili, jioni mbili, kisha wanachama wazungumzie maswali haya. Katika tawi lenu ni nani hupimwa presha, na hupimwa wapi? Gunia au tita la kawaida la kazi yenu lina kilo ngapi kwa mizani, siyo kwa makisio? Wazee waliostaafu miaka mitano iliyopita wako katika hali gani, na ni wangapi bado wanaweza kuchuchumaa na kuinuka bila kushika kitu? Kuna mtu anayeuza mikanda au mipira ya mazoezi kwa wanachama, anaiuza kwa bei gani, na amewapima nini kabla ya kuwauzia? Kila mwanachama ajaribu kuinuka kwenye kiti kwa nusu dakika, mikono ikiwa kifuani, na katibu aandike idadi yake karibu na umri wake, warudie baada ya wiki 8. Makatibu watuletee uzito wa magunia na hesabu za viti kabla ya mkutano ujao wa halmashauri, waandike jina la tawi tu, majina ya watu wayabakize kwao.